Mninga wa Kando ya Barabara: kwa Mnaoanza Kukusanya Mbegu

Kila kiangazi hali ni ileile. Gari linarudi Tabora kutoka Sikonge, magunia yamefura, vijana wanaimba nyuma. Kisha daftari linafunguliwa: miti mama (iliyochumwa mbegu) 3, wakati tuliagiza 30. Wadogo zangu, tukae chini.

1. Hesabu miti, si kilo. Mnaupenda mninga wa kando ya barabara kwa sababu umezaa sana na ngazi inaufikia. Umezaa kwa kuwa unapata jua lote. Wenzake walishaishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Mti uliobaki peke yake hupata chavua ya baba wachache, na spishi zinazoweza kujichavusha hujichavusha zaidi, na watoto wa namna hiyo mara nyingi huwa wanyonge. Mbegu za mama mmoja, hata zikiwa elfu kumi, kijenetiki hazizidi uzito wa miti minne isiyo na undugu.

Tuchukue toleo la jeni (chembe ya urithi) lililo nadra kidogo, lenye asilimia 5 ya nakala zote msituni. Kwa upande wa mama pekee, miti 3 ina nakala 6 (mbili kwa kila mti), na uwezekano wa kulinasa ni kama asilimia 26. Miti 30 ina nakala 60, na uwezekano unapanda hadi 95. Hiyo 30 mnayoinung'unikia haikutungwa ili kuwachosha. Kama mbegu ni za kuhifadhi spishi, fikeni 50. Acheni mita 100 kati ya mti na mti, maana matunda mengi huanguka karibu na mama na majirani huwa ndugu.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba kitaluni halionekani. Miche ya mninga, mizima kwa minyonge, hukauka shina kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukijijenga chini. Mtu anasema "miche yangu iko sawa na ya wenzangu", na ni kweli, yote ni vijiti vikavu! Unyonge unajitokeza baadaye sana, aliyekusanya akiwa ameshahamishwa. Na shamba lile likianza kuzaa, kuna atakayelifanya chanzo cha mbegu kwa sababu liko karibu na lami. Hapo ndugu wanachavushana, na hasara inapelekwa Urambo na Kaliua ikiwa na lebo safi kabisa.

2. Toeni sawa kwa kila mama. Pimeni kwa mizani ya kuning'iniza. Mmoja akitoa kilo tano na wengine nusu nusu, mmerudi kwenye mti mmoja kwa njia ndefu. Mfuko wa kila mama ubaki peke yake, lebo moja ndani na nyingine nje, kwa kalamu ya risasi. Wino hupauka juani.

3. Walio Kigoma: mvule una miti dume na miti jike. Dume haliingii kwenye hesabu ya mama, lakini msiwaambie wanakijiji kwamba halina kazi. Likikatwa, majike yatachavushwa na nani?

4. Mtu aliyezoea mashamba ya mbao huchagua iliyonyooka tu. Kwa hifadhi chukueni na iliyopinda, na ule uliojibana kwenye kichuguu. Mti mgonjwa uacheni, ila andikeni kwamba mmeuacha.

5. Kausheni kivulini penye upepo, si juu ya bati. Tunda la mninga likatwe ukingoni kwa mkasi wa kupogolea. Lina mbegu moja au mbili tu, na kinu huzivunja. Mbegu ya mti wa mkora iondolewe kile kikofia chekundu, panya wanakipenda. Zikikauka vizuri, ziingie kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Na vaeni glavu. Vinyweleo vya tunda la mninga huingia kwenye nguo na ngozi, kwa hiyo magunia yasipangwe juu ya mkeka mtakaoulalia usiku.