Gari la traki: mnunue kwa ubia au mkodi?

Hesabu ya wengi huwa hivi: kukodi gari la traki, yaani la kuendesha kwenye uwanja wa mbio za magari, siku nzima ni pauni mia tano na ushee, gari kuukuu la kununua ni elfu tatu, tuko watatu, kila mmoja atoe elfu moja, siku mbili tu hela imerudi. Hesabu hiyo ina matundu mawili. Watatu hao hao wanaweza kukodi gari moja wakapokezana, kwa hiyo bei ya kukodi nayo inagawanywa kwa tatu. Halafu bei ya kununulia ni sehemu ndogo tu ya gharama za gari la traki.

Tunazungumzia siku za traki za Uingereza, zile ambazo viwanja kama Brands Hatch, Snetterton, Oulton Park, Cadwell Park au Donington hufunguliwa kwa wenye magari yao. Unalipa kiingilio, unaonyesha leseni, unasikiliza maelekezo ya usalama, unafuata gari la kiongozi mizunguko ya kwanza, kisha unaachiwa. Si mashindano. Hakuna kujipima muda, na humpiti mtu mpaka akupishe, tena kwa upande uliotajwa asubuhi.

Namba

Tuweke namba za mfano. Ukishaona njia, ingiza bei zako. Wabia watatu wamenunua Mazda MX-5, gari dogo la wazi, kwa pauni 3,000 na kulitia 1,500 nyingine: upinde wa chuma wa kukinga vichwa gari likipinduka, pedi za breki za traki, seti ya pili ya rimu na matairi. Baada ya miaka miwili wataliuza 2,500. Hapo wanapoteza 1,000 kwa mwaka. Gereji ya kulilaza ni 600. Bima ya barabarani, kodi na ukaguzi wa gari wa kila mwaka (MOT) ni 700. Sevisi na matengenezo ya mwaka ni 500. Akiba ya lile litakaloharibika bila taarifa ni 600. Jumla ni 3,400 kwa mwaka, hata gari lisipotoka gereji.

Kisha kuna kinacholiwa kila siku ya traki. Matairi ya pauni 320 yakidumu siku tano, siku moja imekula 64. Pedi za mbele za 120 zikidumu siku nne, ni 30. Oili na mafuta ya breki, 25. Petroli lita 60 kwa 1.45, ni 87. Jumla 206.

Upande wa pili, gari la kukodi la 550 ambalo matairi na breki ni juu ya mwenye gari na petroli ni juu yenu, ni 637. Kiingilio cha uwanja na ada ya dereva wa ziada tuviache nje kwa kuwa vinalipwa kote kote, ingawa baadhi ya wakodishaji wanaviingiza kwenye bei, kwa hiyo soma tangazo mpaka chini.

Tofauti kati ya 637 na 206 ni 431. Gawa 3,400 kwa 431, unapata karibu 8. Gari lenu lisipotoka angalau siku nane kwa mwaka, kukodi ni rahisi zaidi. Likitoka siku nne tu, kila siku imewagharimu 1,056. Likitoka kumi na mbili, ni kama 489.

Angalia vizuri: idadi ya wabia haimo popote kwenye hesabu hiyo. Ubia haupunguzi gharama, unaigawa. Faida yake ya kweli ni kwamba watu watatu wanaweza kulitoa gari siku nane, wakati mtu mmoja mwenye zamu za usiku na watoto wa shule hawezi. Kama nyote watatu mko huru Jumamosi zile zile na mnataka viwanja vile vile, gari litatoka siku nne na mtakuwa mmenunua kitu cha kulaza gereji.

Kukodi, na yaliyo kwenye maandishi madogo

Anayekodi hufikiri amemwachia mwenye gari hatari yote. Amemwachia sehemu tu. Mkataba wa kukodi huwa na kiasi ambacho dereva anajibebea kabla bima haijaanza kulipa, na mara nyingi huwa ni maelfu ya pauni. Chini yake kuna orodha ya yasiyokingwa kabisa, na mbili ndizo huumiza: klachi iliyoungua na injini iliyozidishwa mizunguko, yaani iliyozungushwa kasi kupita kikomo chake.

Kuzidisha mizunguko hutokea hivi. Uko gia ya tatu, injini iko juu, unataka ya nne, mkono unaingia ya pili. Ukiachia klachi, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini. Kile kifaa cha kukata mafuta mshale ukifika mwekundu hakisaidii, kwa sababu nguvu haitoki kwenye petroli tena. Valvu zinachelewa kufunga, pistoni inazigonga. Magari mengi ya kukodi yana kifaa kinachorekodi mizunguko ya injini, kwa hiyo usifikiri utaondoka kimya kimya.

Kabla ya kulipa amana, uliza kwa barua pepe ili majibu yabaki kwa maandishi: dereva anajibebea kiasi gani, madereva wangapi wanaruhusiwa, nani analipa vyuma vya pembeni mwa njia vikigongwa, gari likifa saa nne asubuhi kwa kosa lisilo letu tunarudishiwa ngapi, au kuna jingine la kubadilisha, mvua ikinyesha tukiahirisha, hela inakwenda wapi. Akikwepa swali la gari kufa asubuhi, mtafute mwingine.

Usipeleke uwanjani gari la kampuni ya kukodisha ya kawaida, lile la uwanja wa ndege. Mikataba yao inakataza, na siku ya ajali utakuwa huna bima yoyote. Hilo ni kweli pia kwa Nürburgring kule Ujerumani, ambako ile Nordschleife ya karibu kilomita 21 hufunguliwa kwa umma kama barabara ya kulipia. Kule kuna wakodishaji maalumu wenye magari yaliyotayarishwa, na kwa safari ya namna hiyo sioni sababu ya kuvusha gari la ubia baharini.

Mkataba wa wabia

Wengi wetu tumekulia kwenye vyama vya kuchangiana na tunajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Gari la traki linahitaji daftari mara mbili: la hela na la gari lenyewe.

Anza na karatasi za umiliki. Kenya au Tanzania, jina lililoandikwa kwenye kadi ya gari ndilo huchukuliwa kuwa la mwenye gari. Uingereza sivyo. Kadi ya gari ya kule, iitwayo V5C, inaonyesha msimamizi wa gari kwa serikali, na yenyewe inaeleza kuwa si uthibitisho wa umiliki. Tena hubeba jina moja. Kwa hiyo risiti ya kununulia iandikwe majina yote matatu na hisa ya kila mmoja, na kila mtu abaki na nakala. Kampuni ya bima ya barabarani nayo iambiwe kuwa gari ni la watatu. Kumwandikisha mwenye bima nafuu kama dereva mkuu wakati anayeliendesha zaidi ni mwingine ni udanganyifu, na huonekana siku ya madai.

Bima ya barabarani kwa kawaida haifiki uwanjani. Bima ya siku ya traki inanunuliwa kando, kwa siku, kila dereva akitajwa jina. Kwa kawaida hulipa gari lako tu, na unajibebea sehemu, mara nyingi asilimia 10 ya thamani mliyokubaliana. Gari la mwenzako haliguswi: uwanjani kila mtu hubeba hasara ya chombo chake. Kwa gari la pauni elfu tatu wengi hawaikati, na wana hoja. Kanuni nzuri ni kununua gari ambalo kila mbia, peke yake, anaweza kulilipa lote kesho asubuhi bila kukopa. Mmoja akishindwa mtihani huo, shukeni bei, au mkodi.

Sasa kifungu kinachovunja urafiki: nani analipa kikiharibika. Gawanyeni mafungu matatu. Vinavyolika, yaani matairi, pedi, diski na oili, vilipwe na mfuko kwa dakika za kuendesha. Kwenye mfano wetu ukiondoa petroli, siku inakula 119, na watatu wakipokezana huendesha kama dakika 120 kwa jumla, kwa hiyo kila dakika moja kwenye njia ni pauni moja kwenye mfuko. Kugawa sawasawa kwa siku humwonea anayependa kukaa kwenye kivuli na chai. Petroli kila mtu ajaze alichotumia.

Fungu la pili ni kuharibika kwa mashine: gia, injini, rejeta. Hilo ni la wote sawa, hata kama lilitokea mikononi mwa mmoja. Injini ilichoshwa na watatu, sasa ikifia kwa huyu, kumtwisha yeye peke yake ni kucheza bahati nasibu.

Fungu la tatu ni la dereva pekee: kugonga, kuzidisha mizunguko, kuendesha huku taa ya oili inawaka, na ankara ya uwanja kwa vyuma vilivyopinda. Atalipa mpaka kufikia thamani ya gari mliyoiandika, thamani ambayo mnaipitia kila Januari. Ili kutenganisha fungu la pili na la tatu, fungeni kamera ndogo nyuma ya viti, ielekee dashibodi, mshale wa mizunguko uonekane. Bila hiyo, bishano la gia ya pili halina mwisho.

Gari gani

MX-5 la 1.8 limezoeleka kwa sababu ni jepesi, kama tani moja, na wepesi ndio unaookoa matairi na breki. Kwenye lile la 1998 hadi 2005, lala chini na tochi uangalie kutu kwenye chesisi za mbele na chini ya milango. Kutu ya pale hula faida yote. Waandaaji wengi hawapokei gari la wazi lisilo na upinde wa chuma. Kabla ya kununua, mbia mrefu kuliko wote akae ndani amevaa helmeti. Ikigusa upinde au turubai, tafuteni kiti cha chini au gari jingine. Kiti kiwe cha reli, maana kiti cha kudumu kilichofungwa kwa urefu wa mmoja humtesa wa pili.

Renault Clio 182 ni kali kwa hela yake, lakini taiming belti hubadilishwa kila miaka mitano au maili 72,000, na kazi hiyo inataka vifaa maalumu na hela ya kueleweka. Kama risiti haipo, ihesabu kuwa haijafanyika. BMW E36 ina raha yake ya kuendesha. Plastiki za rejeta na pampu ya maji zibadilishwe kabla ya siku ya kwanza, na usingoje zivuje.

Siku yenyewe

Wiki moja kabla, badilisheni mafuta yote ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango chake cha chini ni 155, na breki za traki hupita hapo bila shida. Pedali ikiwa laini na kuzama, mafuta yamechemka na yana mapovu. Pedali ikiwa ngumu lakini gari halisimami, pedi ndizo zimezidiwa joto. Dawa ya tatizo la kwanza ni mafuta ya kiwango cha juu, ya tatizo la pili ni pedi nyingine. Watu hununua pedi za bei mbaya kutibu mapovu.

Oili iwe kwenye alama ya juu kabisa, kwa sababu kwenye kona ndefu hukimbilia upande mmoja na pampu ikavuta hewa. Nati za magurudumu ya MX-5 zikazwe kama Nm 110 kwa spana ya kupimia, kisha zirudiwe baada ya zamu ya kwanza. Upepo wa matairi anza na psi 26 tairi likiwa baridi. Zikirudi zimepita 32, punguzeni. Pimeni kelele za ekzosi mapema, maana viwanja havina desibeli sawa, na ukirudishwa getini kiingilio hakirudi.

Zamu ziwe dakika 15 hadi 20, na mzunguko wa mwisho polepole bila kugusa breki. Ukirudi usivute hendibreki: pedi za moto huganda kwenye diski. Acha kwenye gia, weka kigingi kwenye tairi. Anayepokea gari asiingie hapo hapo. Apime oili, aangalie matairi, asome alichoandika mwenzake daftarini (dakika, joto, mlio wowote mpya), kisha atoke.

Kutoka kwenye ubia

Andikeni njia ya kutokea kabla ya kununua. Anayetaka kutoka atoe taarifa ya siku 60; waliobaki wawe na haki ya kwanza kununua hisa yake kwa thamani ile ya Januari, kwa awamu tatu wakitaka. Wasiponunua, gari linauzwa. Kwa gari la wazi, msiliuze Novemba. Lilazeni mpaka Machi au Aprili, wanunuzi wakianza kuona jua, na seti ya pili ya rimu na matairi iuzwe kando, maana ikiingizwa kwenye bei ya gari hakuna anayeilipia.