Karafuu, nazi na kitunguu saumu: mambo ya kujua kabla ya kuvipeleka ukeni

Joto la kaskazi likishashika Mombasa, kati ya Desemba na Machi, maswali ya kaunta ya duka la dawa hubadilika. Mteja anangoja wenzake watoke, anasogea, kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Dadangu, mna dawa ya muwasho wa huku chini?" Mara nyingi swali la pili hulifuata la kwanza: "Nimeambiwa nitie kitunguu saumu. Ni kweli kinasaidia?" Nimekaa nyuma ya kaunta hiyo miaka mingi, na mimi mwenyewe fangasi zilinitesa nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa pili. Jibu la swali hilo halimaliziki kwa ndiyo au la, ndiyo maana naliandika hapa kwa urefu.

Fangasi anayesumbua zaidi anaitwa Candida albicans. Ni wa jamii ya hamira, na wanawake wengi wanaye mwilini bila kumhisi kabisa. Ukeni mna bakteria wazuri, laktobasila, ambao hutengeneza asidi, na wakiwa wengi fangasi huwa ametulia. Anapata nafasi mambo yanapovurugika: umemeza antibaiotiki zikawaua wale bakteria wazuri, una mimba, sukari ya damu imepanda, au kinga imeshuka. Inakadiriwa kwamba wanawake 3 kati ya 4 hupatwa na hali hii angalau mara moja maishani. Kwa hivyo, shoga, kuwashwa si alama ya uchafu wala ya tabia mbaya. Aibu hii imewafanya wengi wajitibu gizani wakaumia.

Sasa tuje kwenye mimea. Wanaosema mimea ya kwetu inaua fangasi hawasemi uongo. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni kemikali iitwayo eujenoli, na maabara imeonyesha mara nyingi kwamba eujenoli hutoboa utando wa seli ya fangasi hadi ikavuja na kufa. Mdalasini una kemikali yake kali ya namna hiyo. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki, karibu nusu ya asidi zake zote za mafuta, na mwaka 2007 watafiti wa Ibadan, Nigeria, walichapisha matokeo yakionyesha mafuta ya nazi yakizuia aina kadhaa za Candida kwenye vyombo vya maabara. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwalisha panya mafuta ya nazi, wakakuta fangasi matumboni mwao wamepungua sana kuliko kwa panya waliolishwa mafuta ya ng'ombe. Hizi ni habari za kutia moyo, hasa sasa ambapo fangasi wengine wameanza kuzizoea dawa za hospitali. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilimweka Candida albicans katika kundi la juu kabisa la fangasi wanaohitaji utafiti wa haraka. Sitashangaa dawa ya kesho ikitoka kwenye mti tunaoupita kila siku.

Lakini kwenye kile chombo cha maabara hakuna ngozi laini ya mwanamke.

Chukua kitunguu saumu chenyewe. Kikiwa kizima hakina alisini, ile kemikali yake inayoua fangasi. Kemikali hiyo huzaliwa pale tu unapokiponda au kukikata, na haidumu. Ukikipika kizima kwenye mchuzi, moto unaharibu kile kimeng'enya kinachoitengeneza. Kwa hivyo pilau, hata liwe na saumu nyingi vipi, ni chakula kitamu, si dawa ya fangasi. Vidonge vya saumu navyo vilijaribiwa huko Melbourne, Australia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014: wanawake wenye Candida walivimeza kwa wiki mbili, na fangasi ukeni hawakupungua kwa namna ya kueleweka kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Na saumu mbichi iliyopondwa huunguza. Nimempokea dada aliyekuja akitembea kwa shida, ngozi imechubuka, na fangasi bado yupo pale pale. Mafuta ya karafuu, ya mdalasini na ya mchaichai ni vivyo hivyo. Ukali ule ule unaomtoboa fangasi unaunguza na seli zako. Hata ukiyachanganya na mafuta mengine, ukeni usiyatie.

Mafuta ya nazi ni mapole zaidi. Mimi huyatumia, tena sana, ila nje tu: kwenye mapaja yanayosuguana na mikunjo ya ngozi, baada ya kuoga na kujikausha vizuri. Kwa mnaotumia kondomu, kumbukeni kwamba mafuta ya aina yoyote huidhoofisha kondomu ya mpira na inaweza kupasuka.

Kuna jambo nalisema kwa heshima zote kwa makungwi na mabibi waliotulea. Kujifukiza udi nguo na nywele ni uzuri wetu, na ubaki. Kujifukiza ukeni, kunawa ndani kwa sabuni, kwa maji ya mwarobaini au ya shabu, huwaondoa wale bakteria wanaotulinda na kuacha ngozi imekauka. Uke hujisafisha wenyewe. Maji matupu kwa nje yanatosha.

Kinga iliyonisaidia mimi haina harufu ya viungo hata kidogo. Chupi ya pamba, na usiku nalala na leso bila chupi. Buibui la polista juu ya taiti ya nailoni, ndani ya matatu ya Likoni saa saba mchana, ni jasho tupu. Nikitoka kazini hivyo vyote navivua kwanza, kabla hata ya chai. Ukitoka kuogelea baharini usikae na nguo mbichi. Na antibaiotiki usinunue kwa sababu ya mafua: mafua ni ya virusi, hayaponi kwa antibaiotiki, na wiki inayofuata utarudi kwangu kununua dawa ya muwasho.

Sukari nayo inahitaji neno. Fangasi anayerudi rudi wakati mwingine ndiye wa kwanza kuonyesha kwamba mtu ana kisukari. Ukipatwa mara 3 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, nenda ukapimwe sukari ya damu na virusi vya Ukimwi, na uombe ute uoteshwe maabara, kwa maana zipo aina nyingine za Candida zisizosikia vizuri dawa ya kawaida.

Hakikisha pia kwamba ni fangasi kweli. Ute wake ni mweupe, mzito, kama maziwa yaliyokatika, na kwa kawaida haunuki. Huja na muwasho, na mkojo huchoma ukigusa ngozi. Ukisikia harufu ya samaki, huenda ni bakteria; ute wa manjano au kijani wenye povu huenda ni trikomonasi, ambayo huambukizwa kwa kujamiiana na mwenzako pia lazima atibiwe. Dawa ya fangasi haigusi hata moja kati ya hayo mawili. Ukiwa na homa, maumivu ya tumbo chini ya kitovu au vidonda, usipitie dukani, nenda hospitali moja kwa moja.

Fangasi wa kawaida hutibika kwa klotrimazoli ya kuingiza ukeni au kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150. Mja mzito asimeze flukonazoli. Mimi kliniki walinipa klotrimazoli ya siku 7, wakanipima na sukari siku ile ile. Muuguzi aliniuliza pia nilichokuwa nimejipaka nyumbani, na nawe ukiulizwa usifiche. Taja saumu, mwarobaini, shabu, mafuta uliyopewa na jirani, kwa sababu ngozi iliyoungua na ngozi yenye fangasi huwasha karibu sawa, na daktari asipojua anaweza kukuongezea dawa usiyoihitaji.