Jela na demokrasia vinahusiana vipi?

Mwanangu, umeuliza profesa wa sheria anafuata nini kwenye mahakama na jela umri wake wote, na demokrasia inaingiaje humo. Mtazame Judith Resnik, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Anachosisitiza ni kesi kusikilizwa hadharani: mtu yeyote aingie, akae kwenye benchi, asikilize. Hapo hakimu naye anaangaliwa, na serikali inalazimika kumjibu mnyonge mbele za watu.

Jela ndipo penyewe hasa. Kwenye jimbo la Arkansas, huko huko Marekani, wafungwa walikuwa wakichapwa kwa mkanda wa ngozi, na sheria imeruhusu. Wakaishitaki serikali wao wenyewe, na mwaka 1968 mahakama ya rufaa ikapiga marufuku. Hebu fikiri, mtu yumo kifungoni, kauli hana, lakini mahakama imemsikiliza na mchapaji kaambiwa basi! Mimi jambo hili linanigusa sana.

Na hapa kwetu Zanzibar wazee hawahitaji kufundishwa. Zile mahakama za wananchi za baada ya Mapinduzi hazikuruhusu wakili. Mshitakiwa alisimama peke yake, ajue kusema asijue. Mambo yalibadilika baada ya Katiba ya 1984.

Kama unasoma sheria kweli, usiishie vitabuni. Nenda mahakama ya Mwanakwerekwe asubuhi, kaa nyuma, hesabu wangapi wamekuja bila wakili. Halafu omba ruhusa uingie Chuo cha Mafunzo, yaani jela ya hapa Zanzibar, uulize mahabusu wanangoja kesi zao muda gani.