VPN inaunganika, mafaili hayaendi

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Nafanyia kazi nyumbani kwa laptopu yenye Windows 11. Tangu isasishwe, VPN ya ofisi (njia salama ya kuingia mtandao wa kazini) inaunganika vizuri na barua pepe fupi zinakwenda, ila nikipandisha faili kubwa linaganda mpaka VPN inakatika. Nikizima VPN, intaneti ni nzima. Nimeifuta na kuiweka upya mara kadhaa, wapi! Mwenzangu anaitumia hiyohiyo bila tabu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Acha kuifuta VPN, haina kosa. Ingekuwa nywila ni mbovu, usingeunganika kabisa. Ingekuwa seva, mwenzako naye angelalamika. Kilichobadilika ni laptopu yako, na Windows ikijisasisha mara nyingi huleta draiva mpya, yaani programu inayoiendesha kadi ya mtandao. Hiyo ndiyo ninayoishuku.

Ila tusibahatishe, tupime. Chukua simu ya Android, izime data, iunge kwenye Wi-Fi ya ruta yako, kisha ichomeke kwenye laptopu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Zima Wi-Fi ya laptopu, washa VPN, pandisha lile faili. Simu nyingi zitapitisha Wi-Fi ileile, kwa hiyo ruta haijabadilika wala seva. Kadi ya laptopu tu ndiyo imewekwa pembeni. Faili likipita, tumempata mkosaji. Ndiyo maana sikushauri kupima kwa data ya simu: ungebadilisha kadi na njia kwa mpigo mmoja, usijue kipi kimekuponya.

Utauliza, mbona barua pepe fupi zinakwenda? Data husafiri kwa vifurushi vidogo viitwavyo paketi, na VPN huifunga kila paketi ndani ya paketi nyingine, mzigo ukanenepa. Kwa kawaida njia hubeba baiti 1500 kwa kila paketi. WireGuard, aina mojawapo ya VPN, huacha 1420 tu kwa ajili ya data yako. Tena kadi za siku hizi huipunguzia kompyuta kazi, zikakata data vipande na kukokotoa hesabu za kuhakiki zenyewe. Draiva yenye kasoro ikiharibu kazi hiyo, paketi ndogo zinaweza kupona huku kubwa zikitupwa.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, fungua kundi la adapta za mtandao na ubofye mara mbili kadi yako ya Wi-Fi. Kwenye kichupo cha draiva kuna kitufe cha kurudisha draiva ya awali. Kikiwa kimefifia, nenda tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, tafuta modeli yako, upakue draiva kabla ya kuifuta iliyopo, usije ukabaki bila mtandao wa kuipakulia. Zile programu zinazojinadi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja, nakusihi usiziguse. Draiva hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo, usimkabidhi usiyemjua.

Bado? Kichupo cha mipangilio ya kina kina mistari yenye neno “Offload”, yaani zile kazi ambazo kadi huipunguzia kompyuta. Zima mmoja, jaribu. Usiposaidia, urudishe ndipo uende kwa mwingine.



Na faili likiganda hata kwa waya wa USB, kadi haina hatia. Wapelekee mafundi wa ofisi matokeo hayo, uwaombe wakupunguzie MTU ya VPN, yaani ukubwa wa juu wa paketi moja.