Kuunganisha majina kwa J (lugha ya programu): tumia ;

Kaka, umesema unaunganisha orodha yako ya kartie (mitaa) za Goma iwe kamba moja (mfuatano wa herufi); acha njia yako ya `,&.>/`, tumia `;`. Ukitaka koma katikati:

`}. ; ',' ,&.> kartie`

Inatoa `Himbi,Katindo,Birere`. Koma inabandikwa mbele ya kila jina, `;` inayaunganisha, `}.` inakata koma ya kwanza.

Ile njia yako inaacha jibu ndani ya kisanduku, wakati `;` inatoa kamba moja kwa moja. Mimi naitumia kila siku kwa orodha za wateja. Ila majina yawe ndani ya visanduku (boxes za J), kila jina na chake. Jedwali la herufi hujaza nafasi tupu nyuma ya majina mafupi, nazo zitaingia.