Mombasa hadi Kisumu na watoto

SWALI: Likizo twaenda Kisumu kwa gari letu dogo: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama mkwe. Je, siku moja yatosha? – Msomaji, Likoni

JIBU: Kwanza hesabu vichwa: nyinyi ni sita, na gari dogo huchukua watano. Tafuta la viti saba.

Njia ni kama kilomita 830, na siku moja haitoshi. Ondokeni baada ya alfajiri, mpumzike Voi, mle Mtito Andei, mlale Nairobi. Usiku muuachie wenye malori. Kuyapita gizani ndiko kunakoua. Gari likila lita moja kwa kilomita 12, mafuta ni takriban lita 70.

Upepo wa magurudumu pima asubuhi, kabla hujaendesha, ufuate kibandiko cha mlangoni, safu ya gari lililojaa. Ukipima Voi kwenye joto utasoma zaidi, na wengi hapo huupunguza. Gurudumu laini hujikunja, hupata moto, hupasuka. Spea nayo pima. Rejeta isifunguliwe injini ikiwa moto.

Kesho yake pitieni Southern Bypass, mkwepe foleni ya mjini. Mteremko wa Bonde la Ufa shukeni kwa gia ndogo: breki iliyokanyagwa mfululizo hupata moto ikakosa kushika.

Masweta yakae juu ya mizigo, si chini ya buti. Mtoto wa Pwani akifika Mau Summit atatetemeka, na mama mkwe ndiye atakayelalamika.