Maswali ya Wasomaji: Kigango Kikiuzwa na Mtu wa Ukoo

SWALI: Mhariri, kwenye boma letu la zamani kulikuwa na vigango viwili, yaani nguzo za mbao zilizochongwa kwa ukumbusho, vya wazee wetu. Mwezi uliopita binamu yangu alikiuza kimoja kwa mchuuzi wa vinyago. Anadai kwamba boma lilikwisha kuhamwa, na kwamba ni mali ya ukoo, kwa hiyo hakuiba. Je, ana haki? Na kigango chaweza kurudi?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Binamu yako hana haki. Kigango husimikwa kwa ajili ya mzee wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, aliyefariki, na tangu siku hiyo ndipo koma yake, yaani roho yake, inapotambikiwa. Ndiyo maana Wagiriama wakihama boma hukiacha pale pale kiliposimikwa, hata kikaliwa na mchwa. Kukiona kimetelekezwa na kudhani hakina mwenyewe ndilo kosa ambalo wachuuzi wamelitumia kwa miaka mingi, wakiwalipa vijana fedha kidogo kwa kitu kitakachouzwa ng'ambo kwa maelfu ya dola. Kisheria pia, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kusafirisha mambokale nje ya nchi bila kibali.

Kuhusu kurudi, ninayo sababu ya kukutia moyo. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Haukupita muda mrefu vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikitambua kimoja katika mkusanyiko wa chuo kikuu huko Illinois, Marekani, na cha pili kikaja kupatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Picha ile ndiyo iliyokata maneno: vyote viwili vilirejeshwa Kenya, ingawa inaniuma kwamba mzee Mwakiru alikuwa amekwisha kufariki asiweze kuvipokea.

Linganisha na vigango 30 ambavyo makumbusho ya Denver Museum of Nature and Science, Marekani, iliamua kuvirejesha mwaka 2014, au 37 vilivyorudishwa na Illinois State Museum mwaka 2023. Nia ilikuwa njema, lakini kigango kilichong'olewa bila kumbukumbu ya boma wala jina la marehemu ni vigumu mno kukifikisha kwa wenyewe, nacho hubaki ghalani mbali na watoto wa aliyesimikiwa.

Kwa hiyo usingoje. Kama kuna picha yoyote ya zamani inayokionyesha, hata ikiwa ni ya harusi iliyopigwa hapo uani, ipeleke pamoja na jina la mzee, jina la kijiji na maelezo ya nakshi zake kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Fort Jesus, Mombasa, na uandikishe taarifa polisi kabla hakijavuka bahari. Kile kilichosalia kipige picha leo, mbele na nyuma, wazee wa ukoo wakiwa wamesimama kando yake.